Dripu ya Bustani ya Nyumbani: Panga kwa Maji ya Januari

Ukiingia duka la pembejeo mjini Jinja au Mbale kuulizia dripu, ile mipira ya kumwagilia kwa matone, swali la kwanza utakaloulizwa ni ukubwa wa bustani yako. Muuzaji hana kosa. Yeye anauza mipira kwa mita, na mita hutokana na ukubwa. Lakini usimjibu kabla hujajijibu swali lingine: mwezi wa Januari, kisima kikiwa kimeshuka na bomba likitoka kwa kubahatisha, nyumbani kwako kuna lita ngapi za kupeleka bustanini kila siku? Hiyo ndiyo hesabu itakayoamua ukubwa wa bustani. Anayeanza kwa kupima uwanja na kununua mipira ya kuujaza, kiangazi kikishika hubaki na mipira mingi mikavu na nyanya zinazopukutisha maua.

Jinja na Mbale ni miji yenye mvua za kutosha, na hilo ndilo linalowapotosha watu. Jinja iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, pale Nile inapotokea, na ina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Mbale iko chini ya jabali la Wanale, kwenye vilima vya mwanzo vya Mlima Elgon. Mvua zake huanza Machi au Aprili, zikalegea na kurudi, mpaka Oktoba au Novemba. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwishoni mwa Februari miji yote miwili hukauka. Jinja ina nafuu kidogo, maana ziwa huweza kuleta mvua ya ghafla hata Januari, ila mvua ya namna hiyo huwezi kuipangia. Basi hesabu siku 70 za ukavu. Ndizo siku ambazo mboga sokoni hupanda bei, na ndizo ambazo dripu hurudisha pesa yake. Sehemu kubwa ya mwaka uliobaki mipira itakuwa imeviringishwa stoo.

Kuhesabu lita

Ishike kanuni moja, nyingine zote zitakuwa nyepesi: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika kiangazi cha kwetu, jua na upepo hunyonya takriban milimita 4 hadi 5 kwa siku kutoka kwenye tuta lililojaa mboga zilizokomaa. Chukua 5 ili usije ukapungukiwa. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litataka lita 50 kwa siku, yaani jerikeni mbili na nusu za lita 20. Miche iliyohamishwa juzi hainywi kiasi hicho. Nusu yake inatosha kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Hata hivyo panga kwa kipimo cha mmea mkubwa, kwa sababu mche utakua, tena utakua wakati uleule kisima kinashuka.

Sasa zidisha. Lita 50 kwa siku 70 ni lita 3,500 kwa tuta moja. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 lililojazwa na mvua za Novemba litalihudumia tuta hilo kwa siku 20, basi. Tangi la lita 5,000, ambalo watu hulinunua wakidhani wamemaliza kazi, litavusha tuta moja na nusu hivi, hapo hakuna mtu aliyechota maji ya kufulia.

Paa lenyewe halina lawama. Nyumba yenye mabati ya mita 5 kwa 8 ina mita 40 za mraba juu yake. Mvua moja nzuri ya milimita 20 huangusha hapo lita 800, na ukitoa zinazorukia nje ya mfereji utapata zaidi ya 600. Shida ni kwamba zinakuja wakati bustani haina haja nazo. Maji ya paa yafanye akiba ya siku ambazo bomba limekatika. Usiyafanye tegemeo la kiangazi kizima, isipokuwa kama una pesa ya tangi kubwa kuliko chumba cha kulala.

Wengi mjini watategemea bomba la NWSC, Shirika la Taifa la Maji. Yuniti moja kwenye bili ni lita 1,000, sawa na jerikeni 50. Tuta letu basi litakula yuniti tatu na nusu kwa kiangazi chote. Chukua bili ya mwezi uliopita, tazama yuniti moja imekugharimu shilingi ngapi pamoja na kodi, uzidishe mwenyewe. Kwa mwenye mita nyumbani, jibu huwa la kutia moyo.

Kwa anayenunua maji kwa jerikeni kutoka kwa kijana wa baiskeli, kule Walukuba au Namatala, habari ni nyingine. Tuta moja kwa siku 70 ni jerikeni 175. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako, halafu jiulize sukuma wiki ya tuta moja itauzwa kwa kiasi hicho au la. Mara nyingi haitafika, na hapo ushauri wangu ni kuacha dripu mwaka huu. Panda nyanya sita au nane karibu na jikoni, kila shina na chupa yake ya plastiki iliyotobolewa kifuniko na kuzikwa kichwa chini, na maji yaliyosuuzia mboga yatatosha sehemu kubwa ya kazi.

Mbale ina jambo lake la kuangaliwa. Maji ya mji hutoka katika mito inayoshuka Elgon, Nabijo, Nabiyonga na Manafwa, na mito ya mlimani hupungua kiangazi na kuchafuka masika. Mafuriko ya usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, yaliyoua watu zaidi ya 20 Mbale na wilaya za jirani, yalivunja pia mabomba na kuacha mitaa mingi bila maji. Kwa hiyo mkazi wa Mbale asipange kwa kutegemea bomba la leo kwa leo. Awe na tangi linaloweza kuibeba bustani kwa siku nne au tano.

Wakazi wa Jinja walio karibu na maji hushawishika kuchota ziwani, na hapo kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza ni kichocho. Ukanda wa ziwa unacho, na anayeingia majini kila asubuhi kujaza jerikeni pale Masese anakijaribu kila asubuhi. Pampu ya kukanyaga kwa miguu au ndogo ya sola, yenye mpira mrefu wa kunyonyea, humtoa mtu majini. La pili ni sheria: kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka ukingo wa Nile. Kama bustani yako iko ndani ya ukanda huo, ulizia ofisi ya mazingira ya jiji kabla ya kuchimbia bomba lolote.

Kimo cha pipa

Dripu ya kisasa ilianza kuuzwa na kampuni ya Netafim, iliyoanzishwa mwaka 1965 katika kibuzi cha Hatzerim, Israeli, na ilikuwa ya mashamba yenye pampu. Kilichomfaa mtu wa bustani ndogo kilikuja baadaye: Mmarekani Richard Chapin, miaka ya 1970, alipeleka Senegali mipira inayolishwa na ndoo tu. Miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ikaieneza seti hiyo ya ndoo kwa wakulima wa huko. Ndoo au pipa juu ya kichanja, chujio, bomba, mipira: mpango ni uleule mpaka leo, na hautaki umeme.

Unachotaka ni kimo. Kila mita moja ambayo pipa limeinuka juu ya tuta ni presha ya mita moja, na seti ndogo hufanya kazi vizuri ikiwa kitako cha pipa kiko mita 1 hadi 1.5 juu ya udongo. Chini ya nusu mita matundu ya mwisho wa tuta yatalala makavu. Juu ya mita 2 unajitafutia taabu ya kupandisha jerikeni, na atakayepandisha si wewe peke yako. Ni mama na watoto pia.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa na maandishi ya kwenye roli. Mpira ulioandikwa lita 1.6 kwa saa kwa kila tundu hutoa kiasi hicho kwa presha ya mita 10, ambayo pipa lako halina. Presha ikigawanywa kwa kumi, maji hayagawanyiki kwa kumi. Hupungua kama mara tatu hivi. Kwa hiyo kwenye pipa la mita 1 tundu lile litatoa karibu nusu lita kwa saa. Tuta la mita 10 lenye mipira miwili na tundu kila sentimita 30 lina matundu 66, yanayotoa jumla ya lita 33 kwa saa. Lita 50 zitachukua saa moja na nusu. Pipa la lita 200 litalisha matuta manne ya namna hiyo kwa pamoja, saa moja na nusu, na kuisha. Huo ndio mpango ninaoupenda kwa familia moja: pipa moja, matuta manne, jerikeni kumi kwa siku. Kama huna jerikeni kumi kwa siku, punguza matuta, usipunguze maji ya kila tuta. Matuta mawili yaliyoshiba yanazaa kuliko manne yenye kiu.

Usiunge mipira moja kwa moja kwenye bomba la mji. Mipira myembamba hupasuka presha ikizidi mita 10 hivi, na bomba la mji usiku, watu wakiwa wamelala, huweza kupita hapo kwa mbali. Maji ya bomba yaingie kwanza kwenye pipa au tangi kupitia koki ya boya, ile ile iliyo ndani ya tangi la choo cha kuvuta. Pipa litajijaza maji yakija saa nane za usiku, na asubuhi utafungua koki ya bustani bila kukimbizana na mtu.

Kuhusu kichanja: pipa la lita 200 lililojaa lina uzito wa kilo 200, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Nguzo za mikaratusi hubeba pipa vizuri kwa mwaka wa kwanza, lakini udongo wa Jinja una mchwa, na nguzo iliyoliwa chini haionyeshi dalili juu. Kwa pipa, matofali yaliyojengwa mraba na kujazwa kifusi katikati yatakutosha maisha. Kwa tangi la tani moja usifikirie kitu kingine. Na kwenye miteremko ya Mbale, lisikae ukingoni mwa tuta la ngazi. Lisogeze ndani, juu ya udongo usiojazwa, kwa sababu ukingo uliolowa na kubebeshwa tani huporomoka.

Pipa la kununua uliulizie lilibeba nini. La mafuta ya kula au juisi linaoshwa na kutumika. Lililobeba dawa za wadudu au kemikali ya kiwanda liache hapo hapo hata kama ni nusu bei. Pendelea jeusi au la bluu iliyokolea, kwa sababu mwanga ukipenya maji huota ukijani, na ukijani huo huenda kuziba matundu. Mfuniko ukazwe, au kitambaa cha neti kifungwe kwa mpira, mbu wasije wakafanya makazi.

Kuchora bustani

Kabla ya kununua chochote, chora. Kamba yenye fundo kila mita na karatasi ya daftari vinatosha. Weka pipa sehemu ya juu kabisa ya bustani, bomba kuu lipite vichwani mwa matuta, na kila mpira uanzie kwenye bomba hilo. Mpira mmoja usizidi mita 15 kwa presha ya pipa. Mita 10 ni bora. Bomba kuu liwe la inchi moja, la plastiki nyeusi au PVC. Mpira wa nusu inchi wa kumwagilia maua utakushawishi kwa bei yake, kisha utakunyima maji mwisho wa bustani.

Jinja, ambako viwanja vingi ni tambarare au vimeinama kidogo, kazi huishia hapo. Mbale, hasa kuelekea Wanale na Bungokho, mteremko ndio wenye kauli. Mita moja ya mshuko huongeza mita moja ya presha. Kama tuta la juu lina presha ya mita 1, la chini yake kwa mita moja lina 2, na matundu yake yatatoa karibu asilimia 40 zaidi. Ukiyaachia matuta yajiendeshe, la juu litanyauka na la chini litaoza mizizi. Dawa ni mbili na zote zitumike: mipira ilazwe ikifuata usawa wa kilima, isishuke nacho kamwe, na kila tuta liwe na koki yake, ili la chini lifungwe mapema. Kupata usawa, azima kwa fundi mwashi ule mpira wake wa maji unaoonyesha ndani. Maji ya ncha mbili yakitulia kwa kimo kimoja, hapo ndipo mstari wako wa tuta unapita. Ni kazi ya nusu siku ya watu wawili.

Sasa mimea. Nyanya, sukuma, kabichi, biringanya, ntula na pilipili hoho hupandwa kwa nafasi inayoeleweka, na dripu ilitengenezwa kwa ajili ya mimea ya namna hiyo: mipira miwili kwa tuta, kila mstari wa mimea na mpira wake. Dodo na nakati zinazomwagwa kama mbegu za ulezi ni kesi nyingine. Zinataka tuta zima lilowe, na utahitaji mipira mitatu au minne kwa kitu ambacho keni ya kumwagilia inakifanya kwa dakika tano. Zihamishie kwenye mistari, au zipe keni. Migomba ya matoke iondoe kabisa kwenye mpango. Mgomba mmoja mkubwa huweza kumaliza karibu jerikeni nzima kwa siku katika kiangazi. Upe maji ya kuogea, ambayo hata hivyo hayafai kupita kwenye mipira kwa sababu ya sabuni na mafuta.

Chujio

Kama pesa imebana, punguza mita za mpira, punguza ukubwa wa tangi, ila chujio nunua. Tundu la dripu ni dogo kuliko kichwa cha pini na njia ya maji ndani yake ina kona kona. Chembe moja ya mchanga inatosha. Ukishaziba, mpira mwembamba hauzibuki kwa sindano. Sindano hutoboa tundu kubwa tu, linalomwaga maji yote mwanzoni mwa tuta.

Omba chujio la wavu au la sahani, lenye kiwango cha meshi 120. Lifungwe kati ya koki ya pipa na bomba kuu, mahali ambapo mkono unafika bila kupiga magoti kwenye matope, kwa sababu chujio lisilofikika halisafishwi. Toleo la maji pipani liwe sentimita 10 juu ya kitako, tope libaki chini. Maji ya mto, Nabiyonga au Namatala baada ya mvua, yana rangi ya chai ya maziwa. Yaache yatulie usiku kucha katika pipa la pili kabla ya kuyamimina kwenye la dripu, na chujio ulioshe kila siku. Maji ya bomba, mara moja kwa wiki yatosha.

Kisima cha pampu kina adui asiyeonekana, naye ni chuma. Jaza chupa ya plastiki inayoonyesha, iache wazi hadi kesho. Maji yakibaki meupe, huna tatizo. Yakipata wekundu au kuacha mashapo ya rangi ya kutu chini, maji hayo yataziba mipira kwa muda wa msimu mmoja. Yamimine kutoka juu ili yapigwe na hewa, yaache siku nzima, utumie ya juu tu. Kama kutu bado imo baada ya hapo, tafuta maji mengine au rudi kwenye keni.

Mbolea nayo ni swali linaloulizwa kila mara: niichanganye pipani? Yurea huyeyuka yote na inaweza kupita. NPK ya kawaida ya punje na DAP huacha mchanga chini ya ndoo, na mchanga huo unajua njia ya kwenda kwenye matundu. Maji ya samadi, hata yakichujwa kwa kitambaa mara mbili, yapelekwe kwa mkono. Kwa bustani ya nyumbani samadi iliyooza ikiwekwa kavu chini ya matandazo inatosha, na dripu itaipeleka mizizini polepole.

Siku ya kufunga

Fanya kazi hii Novemba, mvua zikiwa zinaaga, ili kasoro zijulikane kabla ya kiu. Chagua siku ya jua. Bomba jeusi lililolala juani hulainika na viunganishi huingia bila kupasua kitu. Toboa bomba kuu kwa biti ya kipimo kilichoandikwa kwenye kiunganishi, wala usikadirie. Tundu likizidi kwa milimita moja, washa ya mpira haitakaza na utakuwa na kidimbwi hapo hadi Machi. Kila mpira upate kiunganishi chenye koki ndogo.

Kabla ya kufunga ncha za mwisho, fungua maji yapite wazi kwa dakika kadhaa. Vumbi la plastiki uliyotoboa liko ndani, na hii ndiyo nafasi yake ya pekee ya kutoka. Halafu funga ncha kwa njia ambayo haigharimu chochote: kata kipande cha sentimita 5 cha mpira wenyewe, kunja ncha ya mpira mara tatu, kisha vuta kile kipande juu ya mkunjo kama pete. Kinakaza, na kikihitajika kutoka kinatoka. Mpira ulale matundu yakiangalia juu. Wanaoanza huyageuza chini wakidhani maji yatafika haraka. Kinachofika ni tope, linalonyonywa ndani kila ukifunga koki.

Sasa pima. Weka vikombe vinne vya aina moja chini ya matundu, kila kimoja katika kishimo kidogo: kimoja mwanzoni mwa tuta la karibu, kimoja mwisho wake, na viwili vivyo hivyo kwenye tuta la mbali kabisa. Pindua mpira hapo matundu yaangalie chini kwa kazi hii tu. Fungua kwa robo saa, ulinganishe. Kikombe cha mwisho kikiwa na robo tatu au zaidi ya cha kwanza, nenda kapande. Kikiwa na nusu, inua pipa, au fupisha mipira, au tumia matuta mawili mawili kwa zamu. Vikombe hivyo vitakwambia pia lita halisi kwa saa, na kuanzia hapo usihangaike tena na maandishi ya roli.

Funika udongo kwa matandazo mara tu miche inaposhika. Jinja na Kakira majani makavu ya miwa yamejaa. Mbale kuna makapi ya mpunga kutoka kwenye vinu na makapi ya kahawa, ambayo ya kahawa yaachwe yaoze kidogo kwanza. Weka unene wa vidole vinne, mpira ukiwa chini yake. Matandazo huokoa maji na kuukinga mpira na jua, ila pia huuficha machoni mwa mwenye jembe, na jembe huharibu mipira kuliko panya, kuku na mbuzi wakijumlishwa. Weka kijiti kila mwanzo na mwisho wa mpira, na palizi ya tuta la dripu iwe ya mkono. Nunua viunganishi vitano vya akiba tangu mwanzo. Mpira uliokatwa huungwa kwa dakika moja ukiwa nacho, na kwa wiki nzima usipokuwa nacho.

Je, maji yanatosha?

Udongo mwekundu wa Jinja na ule wa miteremko ya Mbale hushika maji vizuri: yakidondoka hutanuka kando kabla ya kushuka, na mistari miwili hukutana katikati ya tuta. Kuelekea Namatala udongo huwa mweusi, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo usiuache upasuke hata mara moja, maana maji ya dripu yatateremkia kwenye nyufa na kupita mizizi bila kuigusa. Mahali penye mchanga mchanga, maji hushuka wima. Hapo gawa dozi mara mbili, asubuhi na jioni.

Njia ya kuthibitisha ni kuchimba. Saa moja baada ya kufunga koki, chimba kwa panga katikati ya matundu mawili hadi sentimita 20, ushike udongo wa chini na kuukamua kiganjani. Ukijishika donge bila kutoa maji, dozi ni sawa. Ukimeguka kama unga, ongeza nusu saa. Maji yakichuruzika vidoleni, umezidisha, na unamwaga pesa chini ya mizizi. Fanya hivyo kila wiki mpaka ujue koki yako ni ya muda gani, kisha mwambie kila aliye nyumbani muda huo, kwa sababu siku utakayosafiri ndiyo siku ambayo mtu ataisahau wazi. Sukuma inayolegea saa nane mchana na kusimama tena jioni haina kiu; inayoamka asubuhi imelegea ndiyo yenye kiu.

Kila Jumamosi fungua ncha za mipira, acha maji yatoke mpaka yawe safi, kunja tena. Mvua za Machi zikishika, osha mipira kwa mara ya mwisho, ikauke kivulini, uiviringishe kwenye kipande cha bomba nene bila kuikunja, uitundike darini mbali na panya. Chujio lifunguliwe na kukaushwa. Kila kiunganishi kiingie kwenye kopo moja lenye mfuniko, na ndani ya kopo hilo weka karatasi ya mchoro wako pamoja na lita za kila siku ulizotumia kweli kiangazi hiki. Mwaka ujao, muuzaji akikuuliza ukubwa wa bustani, utamsomea kutoka humo.